Iacheni Picha ya Kufungulia

Miongoni mwa waandishi wa programu kuna hukumu iliyokwisha kupitishwa, na siku hizi hakuna hata anayehangaika kuitetea kwa hoja, kucheka kunatosha. Hukumu yenyewe inasema kwamba ile picha inayojitokeza katikati ya skrini unapofungua programu ya kompyuta, yenye nembo, namba ya toleo na pengine orodha ya majina, ni ushamba wa miaka ya tisini. Programu ya kisasa, tunaambiwa, inafunguka tu. Ukiweka picha ya kufungulia umekiri mbele za watu kwamba kazi yako ni nzito, na juu ya hapo umemlazimisha mteja akodolee macho tangazo lako.

Nimeisoma hoja hii kwenye miongozo ya usanifu, na nimeisikia kwa vijana wanaojifunza kazi, wakiitamka kama nguzo ya imani. Naona ni hoja ya mtu mwenye mashine nzuri. Programu yoyote inayochukua zaidi ya sekunde mbili tatu kufunguka kwenye kompyuta ya mtumiaji wa kawaida inastahili picha ya kufungulia. Anayeiondoa picha na kukuachia kusubiri kulekule amekuficha tu.

Tuanze na mashine, maana ndiko ubishi huu unakoamuliwa. Ingia kwenye steshenari yoyote iliyo karibu na chuo au mahakama, Dar es Salaam au Mwanza, au kwenye saiba ya Nairobi ambako watu hujazana mwishoni mwa Juni kuwahi marejesho ya kodi. Utakuta kompyuta zilizostaafishwa kwenye ofisi za Ulaya, RAM ya gigabaiti 4, na diski ngumu ya kuzunguka. Chukua diski ya kompyuta mpakato inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Ni mara 90 kwa sekunde. Kila inapoombwa kipande cha data, mkono wake wa kusomea hujisogeza hadi kwenye mstari unaohusika, na hapo milisekunde kumi hivi zimekwenda. Kisha hungoja, kwa wastani, nusu mzunguko hadi kipande kipite chini yake: milisekunde nyingine tano na ushee. Piga hesabu, utapata vipande visivyofika 100 kwa sekunde vikiwa vimetawanyika. Na programu kubwa inapofunguka husoma maktaba za msimbo, mipangilio, fonti, vijalizo, ikoni na kamusi za tahajia, mamia ya faili, huku programu ya kuzuia virusi ikizikagua njiani. Diski za SSD husoma vipande vya aina hiyo kwa makumi ya maelfu kila sekunde. Ndiyo maana mtu mmoja huona picha ikipepesa na kutoweka, na mwingine hukaa nayo nusu dakika.

Aliyeiandika programu yuko kwenye kundi la kwanza, tena kwa sababu mbili. Ana SSD. Halafu huifungua programu yake kutwa nzima: anaifunga, anairekebisha, anaifungua tena. Mfumo endeshi una kawaida ya kubakiza kwenye RAM faili zilizosomwa karibuni, kwa hiyo ufunguzi wa pili huwa mwepesi kuliko wa kwanza hata kwenye mashine chakavu. Mwandishi hupima ufunguzi wa moto. Karani wa steshenari huifungua programu hiyohiyo asubuhi anapofungua duka, umeme ukikatika na kurudi, au baada ya mashine kustaki ikalazimika kuzimwa kwa kubonyeza swichi. Wake ni ufunguzi wa baridi karibu kila mara, na hakuna aliyeketi naye kuupima.

Sasa mwondolee karani huyo picha. Amebofya mara mbili. Kwenye Windows mshale unapata kiduara kinachozunguka, sekunde chache baadaye unarudi kuwa mshale mtupu, na skrini imenyamaza. Diski inakoroma ndani ya kasha, lakini nani ataisikia chini ya feni na kelele za barabarani? Mteja amesimama na flashi mkononi. Karani anafanya ambalo kila mtu hufanya: anabofya tena, na tena. Kila mbofyo ni ombi jipya la kufungua programu ileile, na maombi yote yanagombania diski moja. Kilichokuwa kichukue nusu dakika kinachukua dakika mbili, na mwisho wake madirisha manne yanafumuka kwa mpigo. Au programu inagoma kabisa. Watumiaji wa Firefox wanaufahamu ule ujumbe kwamba tayari inaendeshwa lakini haijibu. Kuna ofisi ya chama cha akiba na mikopo ninayoifahamu ambako programu ya hesabu iliboreshwa, picha ikaondolewa, na kuanzia hapo makarani wakawa wanaifungua mara mbilimbili bila kujua. Nakala ya kwanza inalifunga faili la hesabu, ya pili inalalamika kwamba faili linatumiwa na mtu mwingine, na makarani wanaanza kuulizana ni nani. Mtu mwenyewe ni yuleyule aliyebofya.

Hili la kumwambia mtu kinachoendelea halikugunduliwa jana. Robert Miller aliandika kuhusu muda wa kompyuta kumwitikia mtu mwaka 1968, zama za mashine za kujaza chumba. Jakob Nielsen, mwaka 1993, aliweka mipaka mitatu ambayo bado inafundishwa vyuoni. Jambo likitokea ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huliona limetokea papo hapo. Ndani ya sekunde 1, fikra zake hazijakatika. Sekunde 10 ndio mwisho wa usikivu wake, na kazi inayozidi hapo lazima imwonyeshe inavyokwenda. Kabla ya Nielsen, mwaka 1985, Brad Myers alikuwa amechapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hupendelea programu yenye mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi. Wanaotaka picha iondoke humnukuu Nielsen kwenye sekunde 1 na kumsahau kwenye sekunde 10. Waliotengeneza Java walikuwa wakweli zaidi: toleo la 6, mwaka 2006, lilikuja na njia ya kuonyesha picha kabla hata Java yenyewe haijaamka, kwa kuwa Java ndiyo iliyokuwa inachelewa.

Kwenye masjala, karani anayekuambia "faili lako linatafutwa stoo" hajaharakisha chochote, lakini umejua ukae. Anayefunga dirisha na kupotelea ndani bila neno anakufanya ugonge.

Faida ninayoithamini zaidi, hata hivyo, iko kwenye yale maandishi madogo yaliyo chini ya picha. Photoshop inapofunguka hutaja inachokifanya: inasoma mipangilio, inaandaa vijalizo, inasoma fonti. Kwa aliyekaa ofisi yenye mtaalamu wa kompyuta hayo ni mapambo. Nenda kwa mafundi wa kadi za michango na mabango. Kila bibi harusi anakuja na mwandiko alioupenda, kila fundi anazoa fonti kwa flashi kutoka kwa fundi mwenzake, na baada ya miaka michache mashine ina maelfu yake. Siku programu inapochukua dakika nzima kufunguka, fundi anayeona maandishi yamegota kwenye fonti anajua pa kupunguza. Asiyeona kitu anasema mashine imechoka, anaipeleka ikafomatiwe, na analipia. Ikigota kwenye vijalizo, dawa ipo: shikilia Shift wakati Photoshop inaanza na itakuuliza kama iviruke vijalizo vya ziada. Mipangilio ikiwa imeharibika, shikilia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja na itakupa nafasi ya kuifuta. Dawa hizi hutolewa programu ikiwa inafunguka, si baadaye, na huwezi kuchagua dawa kama hujaonyeshwa panapouma.

GIMP hufanya vivyo hivyo. Hutaja chini ya picha yake brashi, ruwaza, fonti na vijalizo inavyovitafuta. Watu walilalamika kwamba kusoma fonti kunawachelewesha, na mwaka 2018, katika mfululizo wa matoleo ya 2.10, waandishi wake wakaihamishia kazi hiyo pembeni ili programu ifunguke huku fonti zikiendelea kusomwa. Ni vigumu kulalamikia fonti kama hakuna aliyekwambia kwamba ni fonti. Mifumo mingi ya Linux nayo huwaka kwa mtindo ninaoutetea: mbele kuna picha nadhifu kwa asiyetaka kujua, na ukibonyeza Esc yanajitokeza maandishi ya kila huduma inayoanzishwa.

Wapinzani wana hoja kuhusu majivuno, nami sitajifanya sijaisikia. Kuna programu zinazoiweka picha yao juu ya kila dirisha jingine, ukashindwa hata kumalizia barua pepe wakati unangoja. Kuna waandishi wanaopachika kwenye msimbo amri ya kulala sekunde tatu, kazi ya kupakia imekwisha, ili nembo ya bosi ionekane vizuri. Huyo anaiba muda wa watu na sina neno la kumtetea. Ila adhabu yake isiangukie picha. Mtu akibandika tangazo kwenye ubao wa ratiba za mabasi, tangazo ndilo hubanduliwa.

Majina nayo niachieni. Photoshop ya kwanza, Februari 1990, ilifunguka ikiwa na majina manne: Thomas Knoll, John Knoll, Steve Guttman na Russell Brown. Orodha hiyo ilikuja kurefuka hadi haisomeki, nakubali. Lakini mwishoni mwa miaka ya sabini kampuni ya Atari ilikuwa haiwatambui kwa majina waliobuni michezo yake, hata Warren Robinett akalificha jina lake ndani ya chumba cha siri kwenye mchezo wa Adventure ili walau atakayekipata ajue ni kazi ya nani. Kati ya kampuni inayowaficha mafundi wake na inayowaandika pale mtu anapoingilia, nitanunua kwa ya pili. Na Blender, ambayo haichelewi kufunguka, haijaona aibu kubaki na picha: kila toleo kubwa lina mchoro wake mpya, na chini ya mchoro kuna orodha ya faili ulizofanyia kazi karibuni, uanzie hapo.

Hoja yao ya pili ndiyo yenye uzito: badala ya kukupakia picha juu ya ucheleweshaji, uondoeni. Nani atabisha? Ukiweza kuifungua programu kwa sekunde moja kwenye diski ya kuzunguka, ifungue, na picha usiiweke. Ila tazama wanachofanya wanaposhindwa, na mara nyingi hushindwa, kwa sababu programu hunenepa haraka kuliko mashine za mtumba zinavyobadilishwa.

Dawa yao ya kwanza ni kuipakia programu kabla hujaiomba. OpenOffice ilikuwa na kijiprogramu cha kazi hiyo, Adobe Reader ilikuwa nacho, na matoleo ya zamani ya Microsoft Office yalikuwa nacho. Kompyuta ikiwaka, vyote vinajipakia kimyakimya, na mwenye mashine anaona Windows imekuwa nzito bila kujua mzigo ni wa nani. Kusubiri hakukupungua hata sekunde. Kumetolewa kwenye programu iliyokusababisha, kukabebeshwa mfumo mzima, hata siku ambayo hukuwa na hati ya kufungua. Mwaka 2025 Microsoft iliirudia dawa hiyo kwa Word, safari hii kwa sharti kwamba kompyuta iwe na RAM ya angalau gigabaiti 8. Litazame vizuri sharti hilo. Mashine ya steshenari yenye gigabaiti 4, ambayo ndiyo inayosubirisha watu, haimo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa anayeumbuka si aliyeficha.

Dawa ya pili ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo inayonikera: kulionyesha dirisha lenyewe upesi likiwa bado tupu. Programu zinazojengwa juu ya Electron, ambazo kila moja hubeba kivinjari kizima cha Chromium tumboni, ni mabingwa wa mchezo huu. Unapewa dirisha jeupe, au mistari ya kijivu inayojifanya maandishi. Menyu ipo, ukiibofya haiitikii. Unaandika, herufi zinapotea, au zinakuja kumwagika zote kwa pamoja mahali ambapo hukukusudia. Windows yenyewe hulihesabu dirisha lisiloitikia kwa sekunde 5 kuwa limekwama na kuliandika hivyo kwenye kichwa chake, na karani aliyefundishwa kazi anaiua programu iliyokuwa imebakiza kidogo iamke. Picha ya kufungulia haikudai kuwa tayari. Dirisha tupu linadai, na halipo tayari.

Mtindo huo ulitoka kwenye simu. Apple huwaelekeza waandishi wa programu za iPhone waweke skrini ya kuanzia inayofanana na ukurasa wa kwanza, bila kujitangaza. Kwa iPhone inaeleweka: Apple inazijua mashine zake zote, na programu nyingi hufunguka kufumba na kufumbua. Kuihamishia kanuni hiyo kwenye kompyuta ambayo mwandishi hajui ina umri gani, ina diski gani na imejazwa nini, ni kuvaa kiatu cha mtu mwingine kisha kumlaumu anayechechemea.

Na hao wakubwa wanaonukuliwa hawana msimamo mmoja. Katika miongozo yake ya enzi za Windows 7, Microsoft iliwaonya waandishi wasitumie picha hizi kujitangaza, kwa kuwa watu watazihusisha na uzito wa programu. Lakini hapohapo iliziruhusu kwa programu zinazochelewa kupita kawaida. Nusu ya kwanza ya onyo hilo imekuwa wimbo, nusu ya pili haikumbukwi. Mwaka 2012 ikaja Windows 8, na kila programu ya kwenye duka lake ikalazimishwa kuwa na picha ya kufungulia, pikseli 620 kwa 300. Google nayo, kwenye Android 12 ya mwaka 2021, ikaziwekea programu zote picha hiyo, zitake zisitake. Kitu kilichopitwa na wakati hakiwekewi sheria ya lazima na kampuni mbili kubwa kiasi hicho.

Watumiaji wa Mac watasema kwao ikoni hurukaruka chini ya skrini hadi programu ifunguke, na hiyo yatosha. Ni bora kuliko kimya, nakiri, na Windows ingefaa kujifunza. Lakini ikoni inarukaruka vilevile kwa programu inayosoma fonti salama na kwa programu iliyonaswa na kijalizo kibovu. Inakwambia kuna uhai. Haikwambii kazi imefika wapi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa anayeandika programu ya kompyuta leo, iwe ya hesabu za SACCOS, ya duka la dawa au ya kuchorea. Weka picha ndogo, na itokee mara mtu anapobofya, kabla ya kazi nyingine yoyote. Chini yake andika kinachopakiwa kwa lugha ya anayeitumia. Karani wa Kahama akisoma "Inafungua orodha ya wanachama" atatoa mkono kwenye kipanya. Isifunike madirisha mengine. Iondoke kazi inapokwisha, isiongezewe hata nusu sekunde kwa ajili ya nembo. Asiyeitaka apewe njia ya kuizima, kama GIMP na LibreOffice zinavyompa. Kisha tafuta kompyuta ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, izime, iwashe, na uifungue programu yako mara moja ukiwa umekaa kwenye kiti cha karani. Ikifunguka kabla hujatamani kubofya tena, iondoe picha. Isipofunguka, iache.